Twamcheka Nani?



Usiku wa Idd mosi, baada ya wageni kuondoka, nalikuwa nimejinyosha barazani kwa mpwa wangu, na watoto wako ukumbini wameizunguka televisheni. Kicheko chao kilikuwa kikubwa hata nikainuka kwenda kuona kinachowafurahisha. Ilikuwa ni senema ya Marekani, Coming to America, iliyotoka mwaka 1988. Mchezaji wake mkubwa ni Eddie Murphy, Mmarekani mweusi, naye humo ni mwana wa mfalme wa nchi ya Afrika isiyokuwapo duniani, waliyoiita Zamunda. Nilipofika mlangoni ndipo aletewapo bibi harusi aliyechaguliwa na wazee wake, binti aliyefunzwa tangu kuzaliwa kutii tu. Mwana wa mfalme amjaribu. Amwambia abweke kama mbwa, binti abweka. Amwambia arukeruke kwa mguu mmoja. Binti arukaruka, huku abweka. Watoto wakawa hawajiwezi kwa kucheka.

Na jina la binti huyo, msomaji wangu, ni Imani.

Kabla sijasema neno, kijana wa miaka minane alikwisha mgeukia nduguye wa kike akamwambia, "Haya, bweka." Naye, maskini, akabweka, kwa kuwa alitaka na yeye awemo katika mchezo. Nikaizima ile televisheni. Mpwa wangu akaja, akaniambia kwa adabu, "Mjomba, wasamehe, hayo ni maskhara tu."

Ni neno hilo "tu" lililonishikisha kalamu.

Najua wako wenzangu wa madrasa watakaoniambia kwamba sina haja ya maneno mengi, niseme senema ni haramu kisha nikunje mkeka wangu. Kauli hiyo naisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi, na tangu siku hizo senema imetoka katika jumba lake ikaingia ukumbini kwetu, na kutoka ukumbini imeingia mfukoni mwa mtoto, ndani ya simu. Katazo lisiloelezwa halimzuii mtoto, humfundisha kujificha. Mimi nataka mzazi ajue kile akiingizacho nyumbani kimetoka wapi, nani alikitengeneza mara ya kwanza, na kwa haja gani. Akishajua, yeye mwenyewe atakuwa hakimu.

Kisa hiki chaanza kabla ya senema kuzaliwa. Kiasi cha mwaka 1830, mchezaji mmoja wa jukwaani, mzungu, Thomas Dartmouth Rice, alijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, akavaa matambara, akacheza na kuimba kwa kumwiga mtumwa mweusi. Huyo mtumwa wake wa kubuni akampa jina la Jim Crow. Watu wakafurika. Alifika hata London mwaka 1836, na huko pia akashangiliwa. Mwaka 1843 kundi la wazungu wanne likafungua New York onyesho zima la usiku mmoja lililokuwa halina kitu ila hayo: nyuso za masizi, midomo iliyochorwa mikubwa, macho ya kutumbua. Mweusi wa jukwaani alikuwa na tabia zake maalumu. Ni mvivu, ni mwizi wa kuku, ni mlafi wa matikiti, aogopa mizimu, asema maneno makubwa asiyoyajua maana, apenda kucheza ngoma usiku kucha, na juu ya yote hayo, yu radhi na utumwa wake.

Sasa fikiri. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1830, Marekani ilikuwa na watumwa milioni mbili na zaidi. Kufika mwaka 1860 walikaribia milioni nne. Na nchi hiyo hiyo mwaka 1776 ilikuwa imetangaza mbele ya ulimwengu kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mtu aliyetia saini maneno hayo kisha arudi nyumbani akamkute binadamu mwenziwe amefungwa pingu shambani mwake, atalalaje? Ana njia mbili: amwachie huru, au ajisadikishe kwamba yule si binadamu kamili. Njia ya kwanza ina gharama. Ya pili yataka msaada, na msaada mkubwa ulitoka jukwaani. Yule aliyemcheka Jim Crow usiku, asubuhi hakumwonea huruma mtumwa halisi. Alikwisha mjua, au alidhani amemjua: ni mvivu, kwa hivyo anahitaji bakora, ni mwenye furaha, kwa hivyo hana dhiki.

Utumwa ukakomeshwa mwaka 1865. Miaka haikupita mingi, majimbo ya kusini yakatunga sheria za kumtenga mweusi: shule yake mbali, behewa lake la treni mbali, bomba lake la maji mbali, na kura yake wakaizuia kwa kila hila. Je, wajua sheria hizo watu waliziitaje? Waliziita sheria za Jim Crow. Mzaha ulitangulia, sheria ikafuata, na sheria ikachukua jina la mzaha. Ziliendelea hivyo mpaka zilipovunjwa na sheria mpya za mwaka 1964 na 1965. Mwenye kuniambia "ni maskhara tu", na anieleze jambo hilo kwanza.

Senema ilipokuja iliyarithi masizi yale yale. Ile senema maarufu ya mwaka 1927, The Jazz Singer, iliyowafanya watu wasikie wachezaji wakisema, mchezaji wake Al Jolson ni mzungu aliyejipaka weusi. Basi senema ilipofumbua kinywa kusema, ilisema nayo imevaa uso wa masizi. Na kabla ya hapo alikuwako Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, mweusi khasa, mcheshi ambaye wenzake wazungu walikiri kuwa hawajaona mfano wake. Huyu, ingawa Mungu alimpa rangi yake, alilazimika kujipaka masizi juu ya weusi wake ili watazamaji wamkubali. Weusi wake wa haki haukuwatosha. Walitaka ule wa kizibo.

Hapa ndipo wengi husema, "Lakini Shekhe, weusi wenyewe ndio waliocheza. Hakuna aliyewalazimisha." Neno hili nalisikia kila mara, na nitalikawilia.

Alikuwako mtu mmoja, mzaliwa wa Florida mwaka 1902, jina lake Lincoln Perry. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Stepin Fetchit, jina ambalo Mwingereza akilisikia asikia kama amri kwa mtumishi: nenda upesi kalete. Katika senema zake za miaka ya 1920 na 1930 alikuwa ndiye mvivu kuliko watu wote duniani. Alitembea kwa kuburura miguu, alisema kwa kunung'unika, kichwa akikikuna, macho nusu yamefumba, akitumwa, hafiki. Itazame Judge Priest ya mwaka 1934 utamwona. Na mtu huyo huyo alikuwa msomi wa kutosha kuandika katika Chicago Defender, gazeti kubwa la watu weusi. Alikuwa akijua kusoma mkataba na kudai haki yake, akatajirika, akanunua magari ya fahari. Mwenye akili alilipwa kwa sharti aifiche akili yake. Hiyo ndiyo ajira iliyokuwapo. Kama angeingia ofisini kwa wenye senema akasema anataka kuwa daktari au kadhi katika hadithi, wangemwonyesha mlango.

Mali ile ilimponyoka, na watu wake wakamwonea haya. Mwaka 1970 aliishtaki kampuni moja ya televisheni iliyomtaja kwa ubaya katika kipindi cha historia ya weusi, akashindwa. Alijitetea mpaka mwisho kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango ambao wengine wameupita. Na huenda msomaji asijue: mwaka 1965, Muhammad Ali alipojitayarisha kurudiana na Sonny Liston, mzee huyu alikuwa katika kambi yake. Pichani huonekana watu wawili pamoja: kijana aliyekataa kuitwa kwa jina la mtumwa, na mzee aliyekuwa amekula mkate wake kwa jina la mtumishi. Ali hakumfukuza. Nami, kila nikilikumbuka hilo, hunizuia ulimi nisimtukane Perry.

Kulikuwa na mwengine, Willie Best, ambaye katika senema zake za mwanzo hata jina lake hakuandikiwa. Aliandikiwa jina la kubandikwa lenye maana ya "Lala na Kula". Na alikuwako bibi Hattie McDaniel, ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Alicheza mtumishi wa nyumbani mnene, mkali, mwenye kuchekesha, senema baada ya senema. Gone with the Wind ilipofunguliwa Atlanta mwezi wa Disemba 1939, yeye hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa sheria za huko hazikumruhusu kuketi na wenzake aliocheza nao. Mwaka 1940 akawa mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, na usiku huo aliketishwa katika meza ndogo ya pembeni, mbali na wenziwe. Walipomlaumu watu wake kwa kucheza utumishi, inasimuliwa jawabu lake lilikuwa kwamba ni afadhali kuigiza mtumishi kwa dola mia saba kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola saba. Mimi sina la kumjibu bibi huyo. Wa kujibu ni yule aliyeiweka dunia hivi kwamba mwanamke mwenye kipawa awe hana la kuchagua ila mambo mawili hayo. Na wa kujibu pia ni mtazamaji aliyelipa tikiti, maana dola zile mia saba zilitoka mfukoni mwake.

Sasa nakuja katika jambo linalotuhusu sisi khasa, watu wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1928 wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, walianza redioni hadithi ya vichekesho waliyoiita Amos 'n' Andy. Walisema kwa sauti za kuwaiga weusi, na Marekani nzima ikawa yawasikiliza. Mwaka 1930 wakatoa senema yao, Check and Double Check, wamejipaka masizi. Televisheni ilipokuja, mwaka 1951, hadithi ikaonyeshwa kwa wachezaji weusi wenyewe. Jumuiya ya weusi ya kutetea haki, NAACP, ikalalamika waziwazi. Hoja yao ilikuwa ya akili. Hawakusema mweusi asichekwe. Walisema kwamba hakuna televisheni nyingine yoyote ya kuonyesha mweusi wa namna nyingine, na katika hii daktari ni tapeli, wakili ni mwoga mwenye hila, wanawake ni wagomvi wapiga kelele, na hakuna afanyaye kazi ya halali. Mzungu akichekesha, wako wazungu mia wengine katika televisheni wa kumsawazisha. Mweusi akichekesha, amewachekesha watu kwa niaba ya watu wake wote.

Maonyesho yale yaliendelea kurudiwa rudiwa na kuuzwa. Mwaka 1963 wenye mali wakatangaza kwamba wamepata wanunuzi wapya barani Afrika: Nigeria ya Magharibi na Kenya. Ndiyo, Kenya, mwaka ule ule wa kupata uhuru wake, na televisheni ya huko ikiwa bado changa. Haukupita muda, mtu wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba kitu hicho kitapigwa marufuku nchini mwao.

Ebu simama hapo kidogo. Mzigo ule ulikuwa umekwisha kaa miaka mingi Marekani ukilalamikiwa na wenyewe wasisikilizwe. Ulipoletwa bandarini kwetu, nchi iliyokuwa haijatoa hata bendera yake sandukuni ikasema la. Kampuni ikaacha kuuza Amos 'n' Andy mwaka 1966. Sisemi kwamba neno la Kenya peke yake ndilo lililouzima. Kelele za Marekani zilikuwa nyingi. Lakini sijui kwa nini watoto wetu hawasomeshwi kisa hiki. Wakati ule mlango ulikuwa mmoja, mwenye ufunguo ni serikali, na mwenye ufunguo alikuwa macho. Leo kila nyumba ina mlango wake na kila simu ina mlango wake, na mwenye ufunguo ni wewe mzazi. Mbona sasa hakuna asemaye la?

Wengine watanijibu kwamba hayo ni ya kale, na siku hizi weusi ndio watungaji na ndio wenye fedha. Kweli, mengi yamebadilika, na si uadilifu kuyaficha. Mwaka 1987 kijana Robert Townsend alitengeneza Hollywood Shuffle kwa fedha za mkopo wa kadi zake za benki, akawacheka wenye senema wenyewe, wale wamwambiao mchezaji mweusi kwamba hajawa mweusi wa kutosha. Mwaka 2000 Spike Lee aliirudisha ile nyuso ya masizi katika Bamboozled ili watu waione na iwakirihishe. Na Richard Pryor, mcheshi mkubwa aliyekuwa akilitumia lile neno chafu la kuwaita weusi kama alivyotumia chumvi, alikuja Kenya mwaka 1979. Aliketi katika hoteli ya Nairobi akatazama watu: mwenye cheo mweusi, mfagizi mweusi, askari mweusi, tajiri mweusi. Akajiuliza amemwona nani humo astahiliye kuitwa kwa neno lile, asimwone. Alirudi kwao akatangaza mbele ya umati, na senema yake ya mwaka 1982 imelihifadhi tangazo hilo, kwamba hatalisema tena. Nchi yetu haikumhutubia. Alitazama tu watu wakiwa watu.

Hayo ni mazuri. Lakini ubao wa jina kubadilika si bidhaa kubadilika. Mwaka 2019 Tyler Perry, mweusi, alifungua Atlanta kiwanda kikubwa cha senema katika ardhi iliyokuwa kambi ya jeshi, katika mji ule ule ambao Hattie McDaniel hakuweza kuketi kuitazama senema yake. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Basi mali yake ilipatikana kwa nini? Sehemu kubwa kwa Madea, bibi mzee mnene, mkali, mpiga kelele, mwenye bastola mkobani, ambaye ni yeye Perry mwenyewe amevaa mavazi ya kike. Kabla yake, mwaka 2000, Martin Lawrence alifanya vivyo hivyo katika Big Momma's House. Na mwaka 2007 Eddie Murphy katika Norbit akawa mke mnene wa kutisha. Mama mweusi, aliyelea watoto wa wengine na wa kwake, ambaye angestahili kubusiwa mkono, amekuwa ni vazi la mpira avaalo mwanamume ili watu wavunjike mbavu. Spike Lee alimkosoa Perry hadharani mwaka 2009. Perry naye alikasirika, na hoja yake ni kwamba watu weusi wenyewe ndio wajazao kumbi zake. Ndiyo, na hilo ndilo linihuzunishalo zaidi: masizi yakikaa usoni muda mrefu, mwenye uso asahau kuyaosha.

Na sasa nirudi kwa bibi harusi wetu. Si haki kumsingizia Murphy. Mtungaji alitaka kuonyesha kwamba mwana wa mfalme hapendi mke asiye na akili yake, kwa hivyo amkataa. Mtu mzima huliona hilo. Lakini mtoto wa miaka minane hachukui fundisho, achukua mbweko. Na hilo jina! Wamarekani weusi walipoanza kutafuta asili yao iliyoibiwa, walikuja kuokota maneno katika Kiswahili chetu. Tangu mwaka 1966 wana sikukuu yao ya Kwanzaa, na siku yake ya saba wameipa neno Imani. Wamewaita binti zao hivyo kwa kutaka heshima. Kisha neno hilo hilo, ambalo sisi tulilipokea pamoja na dini, likarudi kwetu limepanda kiwamboni likibweka. Na si mara moja. Mwaka 2021 ilitoka sehemu ya pili ya senema, na baada ya miaka 33 yule bibi bado arukaruka kwa mguu mmoja, bado abweka. Walidhani kwamba hicho ndicho watu watakachotamani kukiona tena.

Kuna mtu mmoja aliyesimama. Dave Chappelle ni Mmarekani mweusi, na ni Mwislamu tangu mwaka 1998. Sisemi kila alisemalo jukwaani lafaa masikio ya watoto wako. La hasha, mengi hayafai hata kwa watu wazima. Lakini mwaka 2004, akiwa na mkataba wa kiasi cha dola milioni 50 kwa kipindi chake cha vichekesho, alikuwa akipiga picha mchezo ambamo kijitu kilichopakwa masizi kamshawishi mweusi afuate tabia zile zile za Jim Crow. Nia yake ilikuwa kuzibeza tabia hizo. Mzungu mmoja aliyekuwapo akacheka, akacheka mno, na Chappelle akaisikia katika kicheko kile sauti asiyoipenda. Akajiuliza: huyu acheka pamoja nami, au anicheka mimi? Mwaka uliofuata akaondoka. Aliacha kazi, akaacha mamilioni, akapanda ndege mpaka Durban, Afrika Kusini, akakaa kwa rafiki yake Mwislamu. Magazeti yakasema ameingia wazimu. Kwa macho ya soko, mtu akatae dola milioni 50 kwa sababu ya sauti ya kicheko, kweli ni mwendawazimu.

Sisi Waislamu tungekuwa wa kwanza kumfahamu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukataza watu kuwafanyia wengine dhihaka, maana huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka; akawataja wanawake kwa mahsusi; akakataza kupeana majina mabaya. Na kitenzi alichokitumia hapo ni cha asili moja na neno letu hili "maskhara", alilonitajia mpwa wangu kama ni kitu kidogo. Mtume (S.A.W.) naye alitania, lakini hakusema katika utani wake ila kweli; na akamwonya kwa ole mara tatu yule asimuliaye uwongo ili achekeshe watu. Je, Jim Crow ni nini ila uwongo wa kuchekesha?

Lakini tusijifanye sisi tu safi, tukawatazama Wamarekani kwa mbali. Senema za Misri tuliziona hapa pwani tangu ujana wetu, na katika senema hizo wako waliojenga jina kwa kujipaka weusi. Ali al-Kassar, mcheshi mkubwa wa Cairo, alijulikana kwa kumwiga Mnubi, bawabu au mtumishi, mwenye akili ya kitoto. Walikuwa Waislamu wakiwacheka Waislamu. Na hapa kwetu, ndani ya nyumba zetu zenye misahafu, mtoto aliyezaliwa na rangi ya maji ya kunde husifiwa, na nduguye mweusi huitwa kwa majina ambayo kalamu yangu haitayaandika. Huitwa kwa utani, bila shaka. Kwa utani tu. Abu Dharr (r.a.) alimwaibisha mtu kwa mama yake, na Mtume akamwambia kwamba ndani yake mumo ujahilia. Abu Dharr, mmoja katika wa mwanzo kusilimu! Basi mimi na wewe je?

Mpwa wangu aliponisikiliza mpaka hapo aliniuliza swali la haki: "Basi Mjomba, watoto wasicheke?" Nikamwambia wacheke, kicheko ni neema. Sidney Poitier, mwenye heshima zake, alitengeneza Uptown Saturday Night mwaka 1974, hadithi ya watu wawili wa kazi za kawaida wanaotafuta tikiti ya bahati nasibu iliyoibiwa. Bahati nasibu siisifu, wala klabu wanakoingia siisifu, lakini wale watu wana wake wawapendao, wana kazi, wana hofu na wana ujanja, nao wachekesha kwa sababu ni binadamu waliojitia matatani. Hakuna hata mmoja aliyebweka. Tena nikamwambia aache desturi ya kuwawashia watoto televisheni kama mtu awashaye feni, akaenda zake. Aketi nao. Wakicheka, awaulize wamemcheka nani, na kwa nini. Mara ya kwanza watamwona ni mchoshi.

Usiku ule, kabla sijaondoka, nilimwita yule binti mdogo nikampakata. Nikamwuliza, imani ni nini? Aliijua. Akanitajia nguzo zake sita, kwa vidole, bila ya kukosea hata moja, kisha akaniuliza kama sasa aweza kwenda kulala.